Bolti ya Sita

Asubuhi mwamba una umande, haushikiki,
basi tunangoja.
Kageha anajifunga kwenye kisiki cha mkaratusi
kwa sababu mimi mzito, naye ni kilo arobaini na tisa
na kiatu kimoja kimeachama.
"Fundo?" Namwonyesha fundo.
"Kufuli?" Ananionyesha kufuli.
Ndiyo sala yetu, haina amina.

Ng'ambo ya korongo mama ameshaanza.
Ko. Ko. Ko.
Nyundo ya ratili nne, pete ya mpira wa baiskeli
kulizuia jiwe lisimle vidole,
na lori la Kisumu lisilokuja kila siku.
Mlima wa Maragoli ni mmoja:
yeye anaupunguza, mimi naupanda.

Bolti ya kwanza, ta.
Ya pili, ta. Miguu bado ina kiburi cha ardhini.
Ya tatu iko chini ya tumbo la jiwe,
kwenye ufa uliojaa mavi ya pimbi.
Ya nne. Ya tano.
Kisha ukuta unakwisha, inaanza kona.

Hakuna aliyeniambia kuhusu kona.
Yaani, waliniambia, lakini yalikuwa maneno ya chini.
Unapeleka mguu wa kulia upande usiouona,
unapapasa kama mtu anayetafuta kibiriti gizani,
unahamisha uzito, halafu
ulimwengu mzima unafunguka chini ya kisigino:
nyanda za Kano zimetandazwa kama mkeka ulioanikwa,
majaruba ya mpunga, moshi wa miwa,
ziwa jembamba kama ukucha.
Ndege ya asubuhi inatua Kisumu
nami nauona mgongo wake.
Mgongo! Maisha yangu yote
ndege nimezijua matumbo.

Upepo unatoka kule chini, unapanda, unaingia shati.
Kamba inaning'inia hewani, haigusi kitu.
Kageha simwoni tena,
namjua kwa mvuto mdogo kiunoni:
nipo, nipo.

Bolti ya sita aliitoboa Andeyo
wiki moja kabla ya kwenda Doha kusafisha vioo vya maghorofa.
Iko mbali. Andeyo ana mikono mirefu
na dunia yote aliipima kwa mikono hiyo.
Kati yangu na bolti kuna gamba la jiwe, pana kama sinia.
Naligonga kwa konzi.
Bwa.
Sauti hiyo naijua, nimelelewa nayo.
Lakini mguu umeanza kushona cherehani,
chaki imegeuka ugali kiganjani,
nikasema, mara moja tu,
nikalishika.

Sikupiga kelele.
Mbingu ilinipita ikiwa na haraka zake,
kamba ikanyooka,
Kageha akanyakuliwa juu hadi kisiki kikamkatalia,
nami nikabembea mbele ya Kisumu nzima
kama nguo iliyosahaulika kambani.

Gamba lilifika chini baadaye.
Kisha kimya.
Si kimya cha upepo, upepo ulikuwapo.
Nyundo ndiyo iliyonyamaza.

Nilihesabu, sijui nilihesabu nini.
Nikainua mkono, nikautikisa
bila hakika kama kuna anayeniona.
Ko.
Ikangoja.
Ko. Ko.

Nikarudi konani, goti linavuja.
Pale lilipobanduka gamba pana kovu jeupe
lenye ukingo wa kutosha vidole vitatu.
Nikaligonga. Ko.
Sita, ta.
Saba. Halafu mnyororo,
ambao siukumbuki hata rangi.

Jioni mama alinikanda goti kwa maji ya chumvi.
Hakuuliza habari za kamba.
Alisema tu, ameligeukia jiko:
"Lile gamba. Mwaka jana nilimwambia Andeyo ndani ni tupu."
Akapuliza moto.
"Kesho unisaidie kulitoa korongoni.
Likivunjwa, halikosi madebe mawili."